Kaka anasema majibu ya damu yanaonyesha namnyima mama chakula

Shikamoo Bi Mshauri,

Nina miaka 38, naishi Tanga na mume wangu, watoto wawili na mama yangu mzazi, ambaye nilimchukua baba alipofariki. Mama ana miaka 67. Sukari anayo kwa miaka kumi na mitano sasa, presha pia, na mwaka juzi tuliambiwa figo zimeanza kuchoka. Miezi mitano iliyopita alijikwaa uani, kidole gumba cha mguu kikachubuka. Kidonda hicho mpaka leo hakijafunga. Namsafisha kila siku, nambadilishia bandeji, na usiku mguu ukimuuma nampa diklofenaki ya duka la dawa.

Wiki saba zilizopita alilazwa, akaongezewa chupa mbili za damu. Wiki mbili zilizopita akapimwa upya. Nesi alinikabidhi karatasi ya majibu akaniambia nimwone daktari tarehe ya kliniki, yaani mwezi ujao. Karatasi imejaa herufi pembeni, H huku, L kule. Mimi mwalimu wa shule ya msingi, nitajuaje? Nikaipiga picha nikaituma kwenye kundi letu la familia la WhatsApp. Bi Mshauri, laiti ningejua.

Kaka yangu mkubwa yuko Muscat. Usiku uleule alituma ujumbe wa sauti: "Albumini 28! Hiyo ni protini ya chakula. Mwisho wa chini ni 35. Mama anakufa njaa ndani ya nyumba yenu, hela ninazotuma zinakwenda wapi?" Dada yangu wa Dar hakujibu kitu. Wifi akaandika, "Mungu anaona." Siku tatu mume wangu hakushika simu yake kwa hasira.

Nazitaja namba nyingine. Albumini 28. CRP 64. Potasiamu 5.6. Wingi wa damu 9.8. Feritini 240. Ile sukari ya miezi mitatu, HbA1c, imetoka 6.1, na hiyo tu ndiyo kaka aliyonisifia: "Angalau dawa unampa." Kreatinini nayo, hospitali ya kwanza ilisema 1.6, hii ya sasa inasema 141. Nilipoona 141 miguu iliniishia nguvu, nikakaa kwenye benchi la korido mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama naumwa. Na kuhusu ile sukari, tukimpima kidoleni nyumbani inasoma 10, 12, siku nyingine 13.

Nikiri na langu. Jirani aliniambia potasiamu inasimamisha moyo, niondoe ndizi, maharage, mchicha, nyanya, nazi na madafu. Nikaondoa. Mwingine akasema mwenye figo hali mayai wala samaki. Nikaondoa. Sasa mama anakula wali mweupe na kabichi, vijiko vinne vitano, basi. Juzi jioni aliniomba ndizi mbivu za nazi, chakula alichokuwa akitupikia sisi tukiwa wadogo. Nikamwambia haiwezekani. Hakubisha. Alivuta ncha ya kanga akajifuta macho, akageukia ukutani. Bangili yake ya fedha, aliyoivaa tangu harusi yake, sasa akiinua mkono inateleza mpaka karibu na kiwiko. Alikuwa na kilo 62 kabla ya kidonda. Sasa ana 54.

Kaka ametuma makopo matatu ya unga wa protini kwa mtu aliyekuwa anarudi nyumbani, anataka mama apewe mara tatu kwa siku. Na ameamua mwisho wa mwezi mama ahamie kwa dada Dar. Mama mwenyewe hajaambiwa. Je, ni kweli karatasi inasema nimemnyima chakula? Nimpe huo unga? Nimwache aende?

Mlezi, Tanga

*

Marahaba binti yangu. Pole, na hongera kwa kazi ya bandeji ya kila siku ambayo naona hakuna aliyeitaja kwenye hilo kundi lenu.

Umeniuliza maswali matatu, ila nikikusoma vizuri nasikia moja linalokukosesha usingizi: je, damu ya mama imenishuhudia vibaya? Nimefanya kazi ya lishe wodini miaka mingi, na nimeona karatasi za maabara zikizigombanisha familia kuliko mirathi. Inaniuma mno mtu kukabidhiwa karatasi ya namna hiyo bila neno la maelezo, aende nayo nyumbani akaifanye hukumu. Kwa hiyo tuisome pamoja, mimi na wewe, taratibu.

Tuanze na hiyo albumini. Ni protini kweli, lakini haitoki kwenye sahani ikaingia moja kwa moja kwenye damu. Ini ndilo linaloitengeneza. Mwili ukiwa vitani na vijidudu, kama mwili wa mama unavyopigana na kidonda cha miezi mitano, ini huacha kwa sehemu kubwa kazi hiyo likatengeneza protini za kupambana, na albumini iliyopo huvuja kutoka kwenye mishipa kwenda kwenye nyama za mwili. Ushahidi wa vita hivyo uko kwenye karatasi hiyohiyo aliyoisoma kaka yako: CRP 64, kipimo kinachopanda mwili ukiwa kwenye vita vya namna hiyo. Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa, maabara nyingi hutarajia iwe chini ya 5 au chini ya 10. Unapoiona CRP imepaa na albumini imeshuka, mara nyingi hizo ni habari moja iliyoandikwa mara mbili, na habari yenyewe ni mguu. Kuna jambo la pili la kuangaliwa. Mtu mwenye sukari ya miaka mingi na figo zilizochoka anaweza kuwa anapoteza albumini kwenye mkojo, kila siku, hata ale vipi. Kipimo cha mkojo kipo na si kigumu. Sikioni kwenye orodha yako.

Siwezi kumlaumu sana kaka. Nilipoanza kazi, sisi wenyewe tulifundishwa kwamba albumini ikishuka mgonjwa hali vizuri, na wapo wahudumu wanaosema hivyo mpaka leo. Mawazo yamebadilika. Chama cha wataalamu wa lishe ya wagonjwa cha Marekani, ASPEN, kilitoa msimamo uliochapishwa mwaka 2021 kwamba albumini ni alama ya uvimbe wa ndani, yaani hivyo vita vya mwili, na ukali wa ugonjwa, isitumike kupimia hali ya lishe. Mtu mwenye njaa tupu, asiye na maradhi mengine, anaweza kukonda hadi mbavu zihesabike na albumini yake ikawa bado ndani ya kiwango. Tena haina haraka: nusu ya ile iliyomo kwenye damu huchukua siku kama 20 kuondoka, kwa hiyo haiwezi kukwambia mama alikula nini wiki iliyopita.

Kwa hiyo ile 28 haisemi ulichotuhumiwa. Ningeweza kuishia hapo ukaenda kumjibu kaka kwa kifua mbele, lakini nitakuwa nimekupa nusu ya habari.

Rudi kwenye bangili. Kilo 62 hadi 54 ni kilo nane, karibu 13 katika kila 100 za uzito wake, ndani ya miezi mitano. Mwaka 2019 wataalamu wa lishe wa nchi nyingi walikubaliana vigezo vya kumtambua mtu mzima mwenye utapiamlo, vinaitwa GLIM. Wanaangalia uzito uliopotea, wembamba ukilinganishwa na urefu, misuli iliyopungua, chakula kilichopungua, na ugonjwa unaoutafuna mwili. Albumini haimo. Aliyepoteza zaidi ya 10 katika 100 ndani ya miezi sita wanamweka kwenye kundi la hali kali. Na kama miguu ya mama imevimba maji, huenda kilo za nyama alizopoteza ni zaidi ya nane, maana maji nayo yana uzito wake. Kaka yako alisoma mstari usiofaa, lakini hofu yake ina msingi. Na wewe uliiona kabla yake, bila maabara, pale bangili ilipoanza kuteleza.

Ndiyo maana naomba nikuulize jambo, na usinichukulie vibaya. Je, umekuwa ukingoja namba zipande ili usafike mbele ya ndugu zako? Naona kama hofu ya ile karatasi ndiyo inayopika jikoni kwako sasa. Kila herufi H, yaani namba iliyo juu, imeondoa chakula kimoja, mpaka kimebaki wali na kabichi. Hukufanya hivyo kwa ubaya, ulikuwa unamlinda. Lakini kidonda hakifungi bila protini na bila nguvu ya chakula, na mtu anayekula vijiko vitano huku dawa za sukari zikibaki palepale anaweza kushukiwa na sukari ghafla, hasa figo zikiwa zimechoka, kwa sababu dawa nyingine hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Ukimkuta anatoka jasho la baridi, anatetemeka au anaongea mambo yasiyoeleweka, mpime hapohapo. Ikiwa imeshuka na bado anaweza kumeza, mpe chai yenye sukari au juisi. Hapo hakuna kufikiria potasiamu. Akiwa hawezi kumeza, mkimbize hospitali.

Sasa ile iliyokukalisha kwenye benchi. Binti yangu, kreatinini ni taka ya mwili ambayo figo huichuja, na 1.6 na 141 ni namba moja. Maabara ya kwanza ilipima kwa miligramu, ya pili kwa mikromoli. Zidisha 1.6 kwa 88.4 uone. Figo za mama hazikuporomoka kati ya hospitali mbili. Hata hivyo hazifanyi kazi vizuri. Kwa mwanamke wa miaka 67, kreatinini hiyo ukiitia kwenye hesabu inayotumika sasa inatoa utendaji wa figo wa karibu 35, na mtu mzima mwenye figo nzima huwa na 90 au zaidi. Tena kreatinini hutoka kwenye misuli. Mtu akipoteza misuli, inashuka yenyewe na figo zinaonekana nzima kuliko zilivyo. Kwa hiyo siku ikishuka, msishangilie kabla ya kuangalia mikono yake.

Potasiamu ya 5.6 nisingependa ingoje mwezi ujao. Ombeni irudiwe wiki hii. Kwanza, huenda haikuwa hivyo. Mpira ukifungwa mkononi muda mrefu, mgonjwa akiambiwa akunje na kukunjua ngumi, chembe za damu zikipasuka kwenye kichupa au damu ikichelewa kufika maabara, potasiamu hupanda kwenye kichupa wakati mwilini iko sawa. Pili, ikirudi palepale, chakula si mtuhumiwa wa kwanza. Diklofenaki ya usiku inabana figo na inaweza kupandisha potasiamu. Hiyo isimame, mwombe daktari dawa nyingine ya maumivu inayomfaa mtu mwenye figo. Baadhi ya dawa za presha, kama kaptoprili, enalaprili na losatani, nazo hupandisha. Hizo usiziache mwenyewe, maana nyingine zinazilinda figo hizohizo. Chukua dawa zote za mama, na majani na unga wa mlonge kama vipo, tia kwenye mfuko uende nao, daktari azione kwa macho. Na kabla hata ya majibu, akilegea ghafla au moyo ukawa unarukaruka, hapo ni hospitali moja kwa moja, usiku au mchana.

Chakula kina nafasi yake. Madafu nakubaliana nawe, yaache kwanza. Chumvi zinazouzwa kama mbadala kwa watu wa presha, soma kifuniko, nyingi ni potasiamu tupu. Lakini mboga za majani na viazi vikikatwa vidogo, vikachemshwa kwenye maji mengi na maji yakamwagwa, sehemu kubwa ya potasiamu huondoka. Mayai na samaki sidhani kama vilistahili kufukuzwa. Yai moja lina gramu kama 6 za protini. Miongozo ya figo ya mwaka 2024 inataja gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya mtu mzima mwenye figo za kiwango cha mama, ambayo kwake ni kama gramu 43 kwa siku, na kwa mzee aliyedhoofika inaruhusu kufikiria zaidi ya hapo. Wali na kabichi havifiki hata karibu. Kiasi hasa apange afisa lishe akiwa na mama mbele yake, mimi sijamwona.

Ile HbA1c ya 6.1 iliyokupatia sifa, nayo iache kidogo. Kipimo hicho huangalia sukari iliyogandamana na chembe nyekundu za damu, ambazo huishi kama siku 120. Mama aliongezewa chupa mbili za damu ya watu wengine wiki saba zilizopita, sukari ya watu wengine imo humo. Na figo zikichoka chembe hizo hufa mapema, kipimo kikasoma chini kuliko ukweli. Vidole vyake vinavyosoma 10 na 13 ndivyo vinavyosema kweli zaidi kwa sasa. Mwandikie namba hizo kwenye daftari, asubuhi kabla ya chai na saa mbili baada ya kula, uende nalo kliniki.

Feritini ya 240, kipimo cha akiba ya chuma mwilini, nitaipitia haraka. Wengine watakwambia madini ya chuma yamejaa, wengine watakuletea juisi ya choya. Feritini hupandishwa na uvimbe wa ndani kama ilivyo CRP. Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 lilisogeza mpaka wa upungufu kwa watu wazima wenye maambukizi kutoka 15 hadi 70 kwa sababu hiyo, na kwa wenye figo madaktari huongeza kipimo kingine cha chuma. Vidonge vya kuongeza damu visianze kabla ya hapo.

Tuje kwenye makopo. Usiyatupe, ni pesa na ni mapenzi ya mtoto aliye mbali. Wala usiyafungue kwa amri ya simu. Geuza kopo usome nyuma: kijiko chao kimoja kina gramu ngapi za protini, potasiamu kiasi gani, na fosfeti, madini mengine yanayochujwa na figo, kiasi gani. Bidhaa nyingi za namna hii hutoa gramu 20 au zaidi kwa kijiko, na mara tatu kwa siku ni 60 juu ya chakula, kwa figo zile. Inawezekana afisa lishe akasema nusu kijiko kwenye uji kinafaa sana. Inawezekana akasema hapana. Kuna hatari nyingine watu hawaijui. Mtu aliyekula kidogo mno kwa muda akishindiliwa lishe ghafla, fosfeti, magnesiamu na hata hiyo potasiamu tunayoiogopa huweza kuporomoka, moyo ukayumba. Mtajieni daktari kilo nane na vijiko vitano kabla ya kuanza chochote, ili vipimo hivyo viangaliwe na chakula kiongezwe kwa hatua.

Kuhusu Dar, sikuamulii. Naweza kukuonyesha ninavyoona. Kwenda kunaweza kukupa pumzi, na sioni haya kusema kwamba unaihitaji. Dada atajionea mwenyewe sahani ikirudi imejaa, na huenda akapata kliniki ya miguu na ya figo karibu. Lakini kidonda kitabadilisha mikono, daftari na kumbukumbu vitabaki Tanga, na mama atafika akiwa ameondolewa mahali kwa sababu ya albumini ambayo ugenini pia haitapanda mguu usipopona. Kubaki nako kuna gharama: ukibaki ili kuonyesha kwamba hukukosea, utachoka vibaya. Je, ipo njia ya katikati, dada aje akae nanyi wiki mbili, aende kliniki na wewe? Angekuwa shahidi mzuri kuliko karatasi yoyote.

Kwa kaka, nadhani ujumbe wa sauti haujibiwi kwa ujumbe wa sauti. Mtu aliye Muscat hamshiki mama mkono. Namba ndicho kitu pekee anachoweza kukishika, ndiyo maana amekikaba hivyo. Siku ya kliniki mwombe daktari ruhusa, mpigie kaka ukiwa mle ndani, aulize yeye mwenyewe kuhusu albumini. Unaweza kumwambia kabla, kwa upole, kwamba mama amepungua kilo nane na wewe pia unaogopa. Neno hilo sikuliona kwenye barua yako kama umewahi kumwambia.

Na mama hajaambiwa. Hili limenikaa moyoni kuliko yote. Mnajadili damu yake, sahani yake na kitanda chake, watu wanne kwenye simu, naye amegeukia ukutani. Akili yake naona ni nzima. Kaa naye asubuhi akiwa na nguvu, mweleze kidonda kinachomfanyia, muulize anataka kukaa wapi na anataka kula nini. Huenda akakushangaza.

Ukikaa mbele ya afisa lishe, nakuomba swali lako la kwanza liwe la ndizi za nazi. Mwambie ndizi ni moja, ndogo, imechemshwa na maji yakamwagwa, tui ni jepesi, na mchana ule hakutakuwa na kingine chenye potasiamu wala wanga mwingi. Uone atakujibuje. Mpe mama shikamoo yangu, na uniandikie kilo zake akipimwa tena.